Mzigo wa mwingine ukichukuliwa kimakosa na kupotea, nani alipe?

KILA siku katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, vifurushi visivyohesabika hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Kutoka fremu za Mtaa wa Kongo, Tandamti, Aggrey na Narung'ombe, mizigo hupakiwa katika pikipiki, bajaji, maguta na mikokoteni. Mingine huelekea ofisi za mabasi ya mikoani, mingine Posta na Upanga, na mingine majumbani kwa wateja walioagiza kwa simu bila kukanyaga sokoni.

Vingi vya vifurushi hivyo hufanana. Ni mfuko mweusi uliozungushwa solotepu, juu yake jina moja na namba ya simu vilivyoandikwa kwa wino mzito. Inatosha wateja wawili kuitwa Mama Asha, au kijana wa dukani kunyoosha mkono kwenye rafu ya kulia badala ya kushoto, na mzigo wa mtu mwingine ukaondoka.

Mzigo huo ukirudishwa salama, jambo huishia kwenye kuombana radhi. Taabu huanza pale unapopotea njiani kabla ya kosa kugundulika. Hapo dukani husema aliyekuja kuchukua ndiye aliyepaswa kuangalia, mchukuzi husema alibeba alichopewa, na aliyemtuma husema hakuagiza mzigo huo. Mwenye mali, ambaye hakumtuma mtu yeyote, hubaki akizungushwa huku mtaji wake umekwenda.

Suala la mchukuzi na dhamana yake si geni Kariakoo. Hata jina la eneo hilo limetokana na kazi ya kubeba mizigo, kwani ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambacho kambi yake ilikuwa hapo. Sheria inayohusu mali iliyo mikononi mwa mchukuzi nayo ina umri mkubwa, na majibu yake ni ya wazi kuliko wengi wanavyodhani.

Mfano wa mitaani

Ili kuelewa majibu hayo, tuchukue mfano wa kubuni. Mteja wa kwanza, mkazi wa Upanga, amenunua mashuka ya Sh400,000 katika duka moja la Kariakoo. Mteja wa pili, mfanyabiashara wa Morogoro, amelipia vitenge vya Sh1,800,000 katika duka hilo hilo, na vifurushi vyote viwili vimefungwa vikisubiri kuchukuliwa.

Mteja wa Upanga anamtuma dereva wa bodaboda. Dukani, kijana anamkabidhi mzigo wa vitenge kwa makosa. Dereva anaufunga nyuma ya pikipiki, anasimama njiani kununua maji na kuuacha bila mwangalizi. Akirudi, haupo.

Watu wanne wameguswa: mwenye duka, dereva, mteja wa Upanga na mteja wa Morogoro. Makosa nayo ni mawili tofauti, la kwanza likiwa kutoa na kuchukua mzigo usiohusika, na la pili kuupoteza. Ugomvi mwingi hushindwa kwisha kwa sababu makosa hayo huchanganywa na kufanywa moja.

Amana katika Sheria ya Mikataba

Sheria inayotangulia hapa ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Ndani yake imo sehemu inayohusu mali anayokabidhiwa mtu kwa kusudi fulani, kwa makubaliano kwamba kusudi likitimia mali itarudishwa au itapelekwa atakakoelekeza mwenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku, hiyo ni amana.

Sheria inamtaka aliyepokea amana kuitunza kama ambavyo mtu wa kawaida mwenye busara angetunza mali yake mwenyewe ya aina, ukubwa na thamani hiyo. Akitimiza hadhari hiyo na mali ikapotea hata hivyo, hawajibiki, isipokuwa kama alikubali katika mkataba kubeba dhamana kubwa zaidi. Asipoitimiza, analipa.

Msingi mwingine muhimu unahusu ushahidi. Mali inapopotea ikiwa mikononi mwa aliyeipokea, yeye ndiye anayetarajiwa kueleza ilivyopotea na kuonyesha kwamba hakuzembea. Mwenye mali hawezi kujua kilichotokea njiani, kwa hiyo jibu la "umepotea tu" halitoshi.

Wajibu wa mwenye duka

Katika mfano huo, mteja wa Morogoro anaanza na mwenye duka. Mali iliyokwisha kulipiwa, kutengwa na kufungwa kwa jina la mnunuzi kwa kawaida huwa imekwisha kuwa ya mnunuzi kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kuanzia hapo muuzaji hukaa nayo kama amana, na kumkabidhi mtu ambaye mwenyewe hakumtuma ni kuvunja amana hiyo.

Kisingizio kwamba kosa ni la kijana wa dukani hakimsaidii tajiri wake. Kitendo anachofanya mfanyakazi akiwa kazini huhesabiwa kuwa cha mwajiri. Aidha, mwenye duka hawezi kumwambia mteja wa Morogoro akamtafute dereva, kwa kuwa mteja huyo hana makubaliano yoyote na dereva.

Mteja wa Upanga naye bado anadai mashuka yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaeleza kwamba muuzaji akimkabidhi mchukuzi bidhaa ili zipelekwe kwa mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi. Hata hivyo, kinachohesabiwa ni bidhaa ile iliyonunuliwa. Kumpa mchukuzi vitenge hakumalizi deni la mashuka.

Wajibu wa mchukuzi

Mwenye duka akishalipa au kurudisha vitenge vingine, anayo haki ya kumgeukia dereva. Dereva hawezi kujitetea kwamba mzigo haukuwa ule aliotumwa, kwa kuwa aliupokea akijua ni mali ya watu na alikuwa ameushika ulipopotea. Kuuacha kwenye pikipiki bila mwangalizi katika mtaa wenye msongamano ni jambo ambalo mwenye vitenge asingelifanya kwa mali yake.

Dereva naye ana utetezi wa haki. Kosa la kwanza halikuanzia kwake. Iwapo mfuko haukuwa na jina, au jina lilikuwa moja na namba ya simu haikuandikwa, hakuwa na njia ya kutambua. Thamani ya mzigo nayo ina uzito, kwani aliyeambiwa anabeba mashuka ya Sh400,000 hakujua kuwa amebeba mali ya zaidi ya mara nne ya hiyo. Mahakama inaweza kuangalia mchango wa kila upande katika hasara iliyotokea.

Mambo yangekuwa tofauti iwapo dereva angenyang'anywa mzigo kwa nguvu, au angepata ajali isiyo ya uzembe wake. Hapo angekuwa ametimiza hadhari yake, na hasara yote ingebaki kwa aliyetoa mzigo usiohusika.

Mteja wa Upanga, aliyemtuma dereva, hujikuta akilaumiwa bila sababu za kutosha. Alimtuma kuchukua mzigo wake na hakumwagiza kubeba wa mwingine. Lawama humfika iwapo yeye ndiye aliyetoa maelekezo potofu, kwa mfano namba ya simu au namba ya risiti isiyo yake.

Kampuni ikipokea, kampuni ijibu

Iwapo aliyetumwa ni kampuni ya kusafirisha vifurushi, anayedaiwa ni kampuni. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwahi kuamua jambo la karibu na hilo mwaka 1965, katika shauri la Morris dhidi ya C.W. Martin and Sons. Mwanamke mmoja alipeleka vazi lake la manyoya kusafishwa, fundi wa kwanza akalipeleka kwa kampuni nyingine kwa idhini yake, na mfanyakazi wa kampuni hiyo akaliiba. Ingawa mwanamke huyo hakuwa na mkataba na kampuni ya pili, iliamuliwa kwamba kampuni hiyo inawajibika kwake moja kwa moja.

Tanzania Bara ilipokea kanuni za sheria za Uingereza zilizokuwapo hadi Julai 22, 1920. Maamuzi ya baada ya hapo hayazifungi mahakama za nchini, lakini hutumika kama mwongozo. Funzo la shauri hilo ni kwamba mwenye mali anaweza kumfuata aliyeipoteza hata kama hakukubaliana naye lolote.

"Nilikusaidia tu"

Mizigo mingi ya Kariakoo hubebwa bila malipo. Jirani anayekwenda Mbezi huombwa kupitia kituo cha mabasi, au kondakta hubeba bahasha kwa kufahamiana. Wengi huamini kwamba asiyelipwa hadaiwi.

Kanuni ya zamani inasema vinginevyo. Mwaka 1703 huko London, katika shauri la Coggs dhidi ya Bernard, mtu mmoja alijitolea bila ujira kuhamisha mapipa ya pombe kali ya brandi, na kwa uzembe wake pipa moja likapasuka na kumwagika. Mahakama iliamua kwamba anawajibika, kwa kuwa kupokea mali ya mwingine na kuanza kuihamisha kunatosha kuleta wajibu wa kuitunza. Asiyelipwa alikuwa na haki ya kukataa tangu mwanzo, lakini akishapokea, amepokea amana.

Maandishi ya nyuma ya risiti

Risiti nyingi za vifurushi huwa na maneno madogo yanayosema msafirishaji hatalipa hasara, au atalipa kiasi fulani tu. Je, maneno hayo yanamfunga mteja?

Mwongozo unaorejewa mara kwa mara ni shauri la Parker dhidi ya kampuni ya reli ya South Eastern la mwaka 1877. Abiria aliacha begi lenye thamani ya zaidi ya pauni 24 katika chumba cha kutunzia mizigo, akapewa tiketi iliyoandikwa nyuma kwamba kampuni haiwajibiki kwa kitu cha zaidi ya pauni 10. Begi likapotea. Mahakama ya Rufaa ilieleza kuwa swali ni kama kampuni ilifanya ya kutosha kumjulisha mteja sharti hilo kabla ya mkataba kukamilika.

Kwa hiyo sharti lililobandikwa wazi dirishani na kusomwa na mteja lina nguvu. Lililoandikwa kwa herufi zisizosomeka, au kutolewa baada ya mzigo kuondoka, ni dhaifu. Lakini hata sharti lililo wazi hufunga wale waliokubaliana. Mwenye vitenge wa Morogoro hakupewa risiti hiyo wala hakuiona, na ni vigumu kumwambia kwamba aliikubali.

Kiasi cha kulipa

Fidia chini ya Sheria ya Mikataba ni ya hasara inayotokana na kuvunjwa kwa mkataba kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Kanuni hiyo ina mizizi katika shauri la Hadley dhidi ya Baxendale la mwaka 1854, ambapo wachukuzi walichelewesha chuma cha mashine ya kusaga kilichovunjika na mwenye kinu akadai faida aliyoikosa. Alishindwa kuipata, kwa kuwa wachukuzi hawakujulishwa kwamba kinu kizima kimesimama.

Mwenye vitenge atapata bei ya mzigo wake. Akidai pia faida ya harusi aliyokuwa akiiwahi, atatakiwa kuonyesha kwamba mwenye duka alilijua hilo mapema. Na bei yenyewe inahitaji uthibitisho. Hapo risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, ambayo wanunuzi wengi huiona ni karatasi ya kodi tu, inakuwa ushahidi wa kwanza wa kilichonunuliwa na kwa kiasi gani. Aliyekubali kuandikiwa bei pungufu atapata taabu kudai ile kamili.

Kwa mizigo inayoletwa kwa ndege kutoka Guangzhou au Dubai, hesabu ni nyingine. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, huweka kikomo kwa uzito. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo hicho ni SDR 26, kizio cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo, isipokuwa kama mtumaji alitaja thamani maalumu na kulipia nyongeza inayotakiwa.

Kijana asikatwe kiholela

Mara nyingi hasara humwangukia asiye na uwezo wa kubishana. Kijana wa dukani hukatwa mshahara wa miezi kadhaa, au dereva hunyang'anywa pikipiki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa uamuzi wake tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, na apewe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Anayeonewa anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60.

Ulinzi huo ni wa walioajiriwa. Dereva wa pikipiki ya hesabu au ya mkataba, anayempelekea mwenye chombo kiasi cha kila siku, mara nyingi hana ajira inayotambulika. Hata hivyo, hakuna sheria inayompa mdai ruhusa ya kujichukulia pikipiki bila amri ya mahakama.

Aliyeokota naye ana wajibu

Sheria ya Mikataba inamweka mtu aliyeokota mali na kuichukua katika wajibu ule ule wa aliyepokea amana. Mwenye kuokota kifurushi chenye jina na namba ya simu, kisha akagawa au kuuza vilivyomo, anaweza kushitakiwa kwa wizi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa kuwa alikuwa na njia ya kumpata mwenyewe. Hali kadhalika aliyepelekewa mzigo usio wake hana haki ya kuutumia kwa sababu tu ulifika mlangoni kwake.

Wapi pa kwenda

Huduma za vifurushi ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na wanaozitoa kibiashara wanatakiwa kuwa na leseni. Mlalamikaji huanza kwa msafirishaji mwenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika hupeleka lalamiko TCRA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano hutoa msaada na ushauri. Mwenye kumtumia mbebaji asiye na leseni hupoteza njia hiyo na hubakiwa na mahakama.

Madai yatokanayo na mkataba yasiyozidi Sh30 milioni yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shughuli huendeshwa kwa Kiswahili. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka sita, na ya uzembe miaka mitatu.

Polisi wanahusika panapokuwa na dalili za wizi au udanganyifu, na ni vyema kutoa taarifa mapema na kupata namba ya RB, kwa mfano katika Kituo cha Msimbazi. Lakini kosa la kubadilishana vifurushi peke yake si jinai, na kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni.

Dakika moja ya makabidhiano

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika migogoro ya namna hii, mwenye maandishi ndiye mwenye nguvu, na maandishi hayo hupatikana wakati mmoja tu, pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Mwenye duka anashauriwa kuandika juu ya kila kifurushi majina mawili, namba ya simu na namba ya risiti, na asitoe mzigo bila kumpigia simu mwenyewe. Mchukuzi asome maandishi hayo kwa sauti, apige picha ya mzigo, amtumie aliyemtuma na kuuliza thamani yake kabla ya kuondoka. Mteja naye amtumie dukani jina la dereva na namba ya pikipiki. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyozinduliwa mwaka 2022 imewapa wakazi wengi namba ya nyumba na jina la mtaa, na ni vyema vitumike badala ya maelekezo ya "ukifika nipigie".

Atakayegundua kwamba amebeba mzigo usio wake asimkabidhi mtu mwingine wala asiendelee na safari zake. Atoe taarifa mara moja, na aurudishe alikoutoa au aukabidhi kwa maelekezo ya maandishi ya mwenyewe. Mpaka hapo kosa bado ni dogo na linaweza kusahihishwa kwa nauli ya kurudi Kariakoo. Mzigo ukishapotea, kila aliyeushika atatakiwa kueleza alichokifanya wakati ulipokuwa mikononi mwake.